Kosa la Kuficha Samaki Ndani ya Maji

Nchi yenyewe kwa sasa haina jina. Ilikuwa nalo, tena zuri, ila lilipelekwa kwenye kamati likafanyiwe marekebisho, na kamati imekwenda semina. Basi tuiite Nchi Ile. Anayeijua ataijua, na asiyeijua akae kwake kwa amani.

Nchi Ile ilikuwa na ziwa kubwa lenye samaki wa kila namna, lakini ziwa lilikodishwa kwa wageni kwa miaka tisini na tisa, na wananchi wakaruhusiwa kuendelea kulitazama siku za Jumapili. Kulikuwa na mto pia. Huo haukukodishwa, ulikauka wenyewe kwa hiari yake. Kwa hiyo Jumatatu watu walikula ugali kwa mchicha, Jumanne ugali kwa mchicha, na Jumatano, wapate kubadilisha, walikula mchicha kwa ugali.

Siku moja Mlezi wa Taifa (ndivyo mkuu wa nchi alivyotaka aitwe, neno rais aliliona linambana mabegani) alikwenda ziara nchi ya jirani, akaandaliwa samaki. Samaki huyo kichwa kilitoka nje ya sahani upande huu, mkia ukatoka upande ule.

Mlezi akauliza, "Huyu mmemvua bahari gani?"

Wakamjibu, "Mtukufu, sisi bahari hatuna. Huyu kafugwa. Katoka kwenye bwawa la mwalimu mmoja mstaafu, nyuma ya jiko lake."

Mlezi hakuweza kumaliza kula. Hakuwa ameshiba, jamani. Ulikuwa wivu. Mwalimu, tena mstaafu, tena nyuma ya jiko! Aliporudi alishuka kwenye ndege bila kumpungia mtu mkono, akaenda moja kwa moja redioni. Akaamuru kila kaya iwe na bwawa la samaki ndani ya siku tisini.

Na tuseme haki, wazo lilikuwa zuri. Samaki wa kufuga anakula pumba na mabaki, kwa miezi sita anafaa kukaangwa, anazaana bila kuombwa, na ukimvua leo kwa adabu, kesho wenzake wapo. Hata wapinzani wa Mlezi walilikubali wazo hilo, huko huko walikokuwa wamehifadhiwa.

Ikaundwa Wizara ya Samaki Waliopo na Wanaotarajiwa. Na kwa kuwa Mlezi alikwishajua kwa nafsi yake mwenyewe jinsi wivu unavyomsukuma mtu, kila kata ikafunguliwa Dawati la Wivu wa Maendeleo. Kila raia alipewa kadi ya kujaza: jina la mwenye wivu, jina la anayeonewa, na sababu. Kadi iligongwa muhuri kila Jumatatu. Asiyemwonea mtu wivu aliandikwa mvivu.

*

Katika kijiji cha Majimengi, ambacho kilikuwa na chemchemi moja, aliishi Zamoyoni, mama Hidaya. Wenzake walianza kuona wivu serikali ilipowaagiza. Zamoyoni alikwisha kuanza zamani, kwa nguvu zake mwenyewe. Wala hakuhitaji kuwaza jina la kujaza kwenye kadi. Aliandika Kuruthumu, jirani yake, na wiki iliyofuata akaandika Kuruthumu, na karani akamshauri achonge muhuri.

Kwa nini Kuruthumu? Basi tu. Kuruthumu akifua, nguo zinang'aa. Kuruthumu akicheka, watu wanacheka kabla hawajajua kilichochekesha. Hata Kuruthumu alipougua malaria, Zamoyoni aliona kama malaria ile imempenda mwenzake kuliko ilivyompenda yeye mwaka wa juzi.

Mabwawa yao walichimba wiki moja, ubavu kwa ubavu, yakatenganishwa na tuta moja. Vifaranga wa samaki waliwatoa kwenye mfuko mmoja wa plastiki, mia kwa mia. Na semina walikaa benchi moja, wakimsikiliza Bwana Samaki. Hilo ndilo jina wanalompa afisa wa ufugaji wa samaki huko, na huyu wa kata yao alikuwa Bwana Kilango, mwenye mkoba mweusi na woga mkubwa wa maji. Alifundisha akiwa amesimama mbali, chini ya mwavuli.

"Samaki huyu," alisoma kwenye karatasi, "hali pumba tu. Chakula chake hasa ni maji yenyewe yakishakuwa ya kijani. Weka samadi. Chovya mkono mpaka kwenye kiwiko. Ukiviona vidole vyako, maji yana njaa. Usipoviona, maji yameshiba. Maswali? Hakuna. Asanteni."

Kuruthumu aliyashika yote. Alijenga banda la kuku juu ya bwawa, kuku wakila, mavi yao yakaanguka majini. Kona moja alizungushia fito, akasindilia majani na samadi ya ng'ombe. Mwezi haukuisha, maji yakawa mazito ya kijani kama mlenda.

Zamoyoni naye alikuwa amesikia. Alijua sana. Lakini Kuruthumu alikuwa ametangulia kuweka samadi, na kuweka wa pili ni sawa na kuomba.

"Nimuige Kuru? Mimi?" alimwambia mumewe. "Bora nile mchicha mpaka niote majani mgongoni."

Basi kila asubuhi alichukua chujio la nazi akaondoa ukijani wote uliothubutu kujitokeza. Maji yake yakawa meupe kama ya kunywa. Samaki uliwaona wote, mmoja mmoja, nao walikuona, na jinsi walivyokutazama ilibidi ugeuze uso.

Miezi sita ikatimia. Kuruthumu alivuta wavu, wakatoka sato wapana kama sahani. Aliwauzia majirani, wengine akawagawia, na Majimengi kukanuka kukaanga siku ya Jumatano. Zamoyoni alivuta wavu, wakatoka samaki wa kidole. Na si kidole gumba.

Lililomuuma zaidi lilikuja adhuhuri, limefunikwa kwa kawa.

"Hodi, jirani! Nimekuleteeni kitoweo."

"Kwani nani kakwambia humu ndani tuna njaa?"

"Si ujirani tu, shoga yangu. Wapo wengi."

"Wapo wengi," Zamoyoni aliigiza mlango ulipofungwa. Akakaa jikoni, akala. Alikula samaki wa kwanza, akala wa pili, akanyonya vichwa, akanyonya macho. Baba Hidaya aliporudi shambani alikuta sahani imeoshwa.

"Nasikia harufu ya samaki."

"Kuru kaleta. Chumvi imezidi, hawaliki."

"Wako wapi sasa?"

"Nimewamaliza mwenyewe, wewe usije ukadhurika."

Tangu siku hiyo Baba Hidaya akawa mtu wa kurudisha vitu kwa jirani. Kila adhuhuri alirudisha jembe. Siku nyingine alirudisha ungo. Hakuwa amewahi kuazima hata kimoja.

*

Jumatatu Zamoyoni alifika Dawati la Wivu kabla halijafunguliwa. Bwana Kilango ndiye aliyekuwa akilisimamia pia, kwa sababu mwenye dawati alimwonea wivu mwenzake wa mkoani akahamia huko.

"Mama Hidaya. Kuruthumu?"

"Kuruthumu."

"Wivu wako ni wa maendeleo au wa kawaida?"

"Wa maendeleo. Mimi nataka ayapunguze."

Bwana Kilango aliandika. "Sababu?"

"Samaki wake wamezidi."

"Wamezidi idadi?"

"Wamezidi vyote. Urefu, upana, mpaka ladha. Kichwa kimoja unanyonya dakika kumi."

"Urefu kiasi gani? Hapa pana nafasi ya kujaza."

Zamoyoni akanyoosha mkono wake juu ya meza, akaonyesha kutoka ncha ya kidole cha kati mpaka karibu na kiwiko. Kwa haki walikuwa wanaishia kwenye kifundo cha mkono na kidogo tu. Wivu uliongeza palipobaki.

Bwana Kilango aliweka kalamu chini. Jasho likamtoka.

Maana kila mtu katika Nchi Ile alijua habari za bwawa la Ikulu. Mlezi alijengewa bwawa la marumaru ya bluu, lenye taa chini na mashine ya kuchuja maji mpaka yang'ae kama kioo. Kila alfajiri jenerali mmoja alishuka na rula kuwapima samaki, na redio ikatangaza baada ya taarifa ya habari: "Samaki wa Mtukufu wameamka salama, urefu wao ni kidole." Ilikuwa kidole mwezi wa kwanza, ikawa kidole mwezi wa sita. Watu walipiga makofi kila siku.

"Mama Hidaya," Bwana Kilango alinong'ona, "unajua unachokisema? Unasema yupo mwanamke wa kijijini mwenye samaki mkubwa kuliko... kuliko kidole?"

"Mimi nasema anipunguzie roho kuniuma. Hayo mengine ni yenu."

"Ni yetu sana," alisema Bwana Kilango, akalifunga dawati.

Barua iliondoka hapo ikapanda. Ilifika wilayani, mkuu wa wilaya akaisoma akakosa usingizi, maana bwawa lake yeye lilikuwa na vyura. Akaipandisha. Mkoani waliisoma wakasema, haiwezekani. Kila ofisi iliongeza wivu wake kidogo pembeni kwa wino mwekundu, na ilipofika wizarani, samaki wa Kuruthumu alikuwa na urefu wa mtu mzima na alionekana akiota jua kwenye tuta.

*

Waziri alikuja na magari kumi na manne. Gari la kumi na nne lilibeba kiti chake. Kijiji kizima kilipangwa mstari, akina mama wakaimbishwa, na Waziri akapanda juu ya tuta lile lililotenganisha mabwawa mawili. Upande huu aliona maji ya kijani, upande ule maji meupe.

"Bwawa hili chafu ni la nani?"

"Langu, mheshimiwa," alisema Kuruthumu, akapiga goti kidogo.

"Na samaki wako wapi?"

"Wamo ndani, mheshimiwa."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya maji."

Waziri akawageukia wasaidizi wake, nao wakaandika. "Mbona mimi siwaoni?"

"Hawaonekani, mheshimiwa. Ndivyo wanavyonenepa. Haya maji yana vidudu vidogo vidogo..."

"Vidudu!" Waziri aliruka nyuma, nusura aangukie kuku. "Mnasikia? Ndugu wananchi, mnasikia? Taifa linatafuta samaki usiku na mchana, na huyu mama amewaficha. Na amewaficha wapi? Ndani ya maji! Mahali ambapo ofisa wa serikali hawezi kufika bila kulowa!"

Bwana Kilango alitikisa kichwa kwa uchungu. Kuruthumu akamtazama.

"Bwana Samaki, si wewe ndiye uliyetufundisha? Mkono mpaka kwenye kiwiko?"

"Mimi nilisoma tu karatasi," alisema Bwana Kilango. "Sikuwa na nia ya mtu kuitekeleza."

Waziri akageukia upande wa pili. Chini ya maji meupe samaki wa Zamoyoni walikuwa wanaelea taratibu, wembamba, kila mmoja na njaa yake. Waziri akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika arobaini, machozi yakamlenga.

"Kidole," alisema. "Kidole kamili. Kama wa Mtukufu! Hapa ndugu zangu ndipo penye utii. Samaki hawa wanaijua nafasi yao katika jamii. Mwenye bwawa hili ni nani?"

Sasa hapo Zamoyoni angeweza kusema. Alijua kwamba vidole vile ni njaa. Alijua bwawa la jirani ndilo linalolisha kijiji. Neno moja tu, "Mheshimiwa, bwawa zuri ni lile," na watoto wa Majimengi wangekula Jumatano. Akamtazama Kuruthumu, na Kuruthumu alikuwa amevaa kanga mpya.

"Ni langu, mheshimiwa," alisema. "Huwa nalichuja."

Kuruthumu alisomewa makosa matatu: kuficha samaki ndani ya maji, kufuga samaki waliozidi cheo chake, na kuwalisha raia chakula bila kuwaonyesha kwanza. Bwawa lilikaushwa. Sato wote walikamatwa kama vielelezo, na ili vielelezo visiharibike kabla ya kesi, vilikaangwa. Wajumbe wote walivikagua. Waziri alikagua vinne, akaomba na pilipili. Mahakamani viliwasilishwa vichwa saba na mifupa kwenye bahasha, na hakimu alilalamika kwamba hakushirikishwa mapema.

Miaka mitatu, gereza la wilaya.

"Kwa heri, jirani," alisema Kuruthumu akipandishwa kwenye gari. "Kuku wangu uwaangalie."

Hata kwenda jela, jamani, alikwenda vizuri.

*

Zamoyoni alipewa nishani ya Mfugaji wa Mfano. Bwawa lake lilijengewa marumaru, likawekwa kamba nyekundu na ubao: USITIE MKONO. Ikatoka na sheria kwamba raia yeyote aliye huru awe na bwawa kama lile. Watu wakashuka kwenye mabwawa yao na sabuni na magunzi, wakasugua mpaka tope likaomba radhi.

Wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Kadi mia nne na kumi na mbili zilijazwa jina lake. Alikwenda dawatini kusomewa. "Rudia hiyo ya mke wa mwenyekiti," alimwambia Bwana Kilango, "ile aliyosema natembea kama nimemeza mwiko."

Wiki ya pili samaki wake walianza kuelea kwa ubavu. Marumaru haioti chochote, na kiumbe hali mwanga wa taa. Mwezi uliofuata aliyebaki ni mmoja, naye alikuwa anakaa kona ile ile, Zamoyoni akashuku kwamba alikufa zamani ila kwa heshima ya nishani hajaelea. Na si kwake tu. Kijiji kizima mabwawa yaling'aa, na Jumatano mchicha ukarudi kwa ugali.

Mtu angedhani sasa hakuna tena wa kumwonea wivu. Zamoyoni mwenyewe alidhani hivyo. Kisha akatoka mfungwa mmoja, kijana wa mlimani aliyeiba baiskeli, na akatoka ananing'inia mashavu.

"Mnalishwa nini huko?" watu wakamuuliza.

Yule mfungwa akaanza kulia. "Samaki. Mara tatu kwa wiki. Mama Kuru kachimba mabwawa mawili nyuma ya bweni. Nimeomba waniongezee hata miezi miwili, wamekataa, ati nina tabia njema!"

Ilikuwa hivi. Mkuu wa gereza, Afande Mkwizu, alibahatika kulamba kichwa kimoja cha vielelezo, akamwita mfungwa wake mpya akamuuliza imekuwaje. Kuruthumu akamweleza. Afande akaisoma sheria: "Raia yeyote aliye huru." Akatazama huku na huku. Gerezani hapakuwa na mtu huru hata mmoja, yeye mwenyewe alikuwa hajapewa likizo miaka minane. Basi akagawa majembe.

Baba Hidaya aliposikia hayo aliinuka, akakunja blanketi, akatia malimau mawili mfukoni, akatoka. Alikwenda kwenye bwawa la mfano, akavuka kamba nyekundu, akatia mkono.

"Baba Hidaya, umerukwa na akili? Watakufunga!"

"Wakichelewa nitatia na mguu," alisema.

Zamoyoni alimpelekea mumewe nguo baada ya miezi mitano. Hakupenda kwenda. Alikwenda aone kwa macho yake kwamba ni uongo. Kwenye uzio wa waya alisimama akachungulia: maji ya kijani, mazito, kuku juu yake wanalumbana, na Kuruthumu amekunja kanga katikati ya wanaume thelathini wenye vitambi, anawaelekeza, nao wanacheka kabla hajamaliza.

"Jirani!" Kuruthumu alikuja mbio. "Mbona umekonda hivyo?"

"Si kukonda. Ni mapambo ya cheo. Na wewe umenenepa."

"Kifungo, shoga. Hakina haraka." Akamtazama vizuri, na cheko likampungua. "Zamo, nyumbani mnakula nini?"

"Tunakula vizuri."

"Ukitaka nikueleze namna ya..."

"Nimesema tunakula vizuri!"

Alirudi kwa miguu. Njia nzima nishani ilikuwa inamgonga kifuani, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu. Angeweza kukubali afundishwe pale kwenye waya, bure. Wala asingelala njaa tena. Lakini kufundishwa na Kuru! Afadhali amfuate huko huko ndani, awe na haki sawa na yeye, ale alichokula, halafu ampite.

Kesho yake akachukua mchi, akaenda mbele ya dirisha la Bwana Kilango, akavunja marumaru za bwawa la mfano moja baada ya nyingine.

"Mama Hidaya, sijaona!" Bwana Kilango alipiga kelele, amefumba macho. "Wewe ni mfano! Nikikuona nitaandika ripoti, na ripoti itaniuliza mimi nilikuwa wapi!"

"Basi sikiliza," alisema Zamoyoni, akavunja nyingine.

Mahakamani hakimu alimuuliza kama anakiri.

"Nakiri. Na niongeze, nimemtukana Waziri njiani nikija huku."

"Miaka miwili."

"Mheshimiwa, Kuruthumu mlimpa mitatu."

"Mama, usipangie mahakama."

"Mitatu, mheshimiwa! Kuru ana nini cha kunizidi?"

Hakimu alikuwa mtu wa huruma. Akamjazia.

*

Lori la magereza lilimfikisha asubuhi ya Jumanne. Lango lilikuwa wazi, na watu walikuwa wanatoka. Walitoka mmoja mmoja na vifurushi vyao, wameinamisha vichwa kama wanaotoka mazikoni. Katikati yao Zamoyoni akamwona mumewe, shingo imemjaa, blanketi begani.

"Mama Hidaya," alisema kwa masikitiko, "umechelewa."

"Nimechelewa nini? Mnakwenda wapi nyote?"

"Tumesamehewa."

Kumbe habari ilikuwa imepanda, kama zinavyopanda habari zote katika Nchi Ile. Mlezi alikuwa ameambiwa kwamba liko gereza ambalo samaki wake hawaenei kwenye sahani. Hakula siku mbili. Siku ya tatu akatangaza kwamba kiongozi wa kweli huishi mahali pa chini kabisa, na kwamba Ikulu inahamia gereza la wilaya. Wafungwa wote waliokuwemo jana, jina kwa jina, wamesamehewa ili wampishe.

"Jana," alisema Zamoyoni. "Na mimi wa leo?"

Afande Mkwizu aliipitia orodha, akaipitia tena kutoka chini. "Wewe humo. Ila usiwe na wasiwasi, kazi ipo. Mtukufu anafika Ijumaa, anataka awaone samaki wake wote kwa macho, mmoja mmoja. Maji yang'ae. Nasikia wewe una nishani ya hayo mambo."

Zamoyoni akageuka kuyatazama yale mabwawa mawili. Alijua maji yale yakichujwa, samaki watamwishia mikononi, na mwenye samaki atauliza. Na akiyaacha yalivyo, ni kosa lile lile, sasa amemficha Mtukufu samaki wake mwenyewe. Lango likafungwa nyuma yake. Ndani walibaki watu wawili na kuku.

Kuruthumu ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka. Alikuwa amekwisha kufika kwenye kona ya barabara, ana ndoo kichwani yenye vifaranga, anarudi nyumbani kuanza upya. Anakwenda kwa mwendo wake ule, bila maji kumwagika.

"Kuru!" Zamoyoni alikimbilia kwenye waya. "Kuru wee! Rudi!"

Kuruthumu alisimama. Akageuka, akarudi polepole mpaka kwenye uzio, akatua ndoo.

"Nini, jirani?"

Zamoyoni aliushika waya kwa mikono miwili. Alikuwa na siku tatu. Alikuwa na mabwawa mawili, na mkubwa mmoja mwenye njaa. Alikuwa na ya kuuliza mengi, na kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, neno "nifundishe" lilikuwa limepanda kutoka kifuani, limefika kwenye ulimi, limeketi pale linasubiri mlango ufunguliwe. Kuruthumu aliliona.

"Uliza tu," alisema kwa upole, akachuchumaa upande wake wa waya. "Sina haraka. Uliza lolote, Zamo, nitakuambia."

Zamoyoni akameza mate. Akainama, akachungulia ndani ya ndoo.

"Kwanza niambie ukweli wa Mungu," alisema. "Hao uliowabeba, ndio wazuri kuliko hawa ulioniachia?"